Siku Moja Bukoba, Meli Ikitungoja

 

Mwezi huu ukurasa wetu hauna mapishi wala mshono. Tunataka kuwasimulia jinsi sisi akina mama 22, wengine wa Shinyanga, Kishapu na Kahama, wengine wa Geita na Katoro, tulivyoitumia siku moja katika mji wa Bukoba, tangu meli ilipofika asubuhi mpaka ilipoondoka usiku. Huenda mama mwingine akasema, "Hayo ya kutembea ni ya wenye fedha." Hata sisi tulisema hivyo kwa miaka mingi.

Yote yalianzia katika somo la Biblia. Tulikuwa tukisoma Injili ya Marko, sura ya 6, habari za mitume waliorudi kutoka kazini wamechoka. Watu walikuwa wakienda na kurudi, hata hawakupata nafasi ya kula. Bwana Yesu hakuwaongezea kazi nyingine. Aliwaita waende kando wapumzike kidogo, nao wakaondoka kwa mashua. Mwalimu alipomaliza, mama mmoja wa Geita akanyosha mkono, akauliza, "Na wake zao je? Wao nani aliwapeleka kupumzika?"

Tukacheka sana. Lakini swali lile lilitufuata mpaka nyumbani.

Ninyi wenyewe mnajua maisha ya mama wa huku kwetu. Anaamka kabla ya jogoo. Wa Shinyanga ana pamba, ana mpunga, na wakati wa kiangazi ana ndoo za maji. Wa Geita anawapikia wachimbaji kwenye maduara, au anaponda mawe na kuosha mchanga mwaloni, mtoto akiwa mgongoni. Mume anaweza kukaa machimboni mwezi mzima, akarudi na fedha au akarudi mikono mitupu. Mama huyu akiulizwa lini alipumzika mara ya mwisho, atajibu kwamba ni pale alipojifungua. Wengine hata hapo hawakupumzika.

Tulivyojiandaa

Tulikubaliana kuchanga shilingi 2,000 kila Jumapili, kwa Jumapili 40. Aliyekosa wiki hii alifidia wiki ijayo. Akina mama wawili walileta mahindi, mweka hazina akayauza na kuwaandikia fungu lao. Hakuna aliyekopa, wala hakuna aliyegusa fedha za ada ya shule. Jambo hilo tuliliwekea sheria tangu mwanzo.

Waume zetu tuliwaeleza mapema, si usiku wa kuamkia safari. Wengi walikubali. Mmoja alikataa, akasema wanawake wa kanisa sasa wanataka utalii. Mwenyekiti wetu na mama mchungaji walikwenda kumwona, wakakaa naye kwa upole. Ikaonekana kwamba hofu yake kubwa ilikuwa moja tu: nani atapika? Wakamkumbusha kwamba kijana wake mkubwa ana miaka 16 na kusonga ugali anajua. Baba yule akanyamaza kidogo, kisha akatoa ruhusa. Tuliporudi alikiri mbele ya watu kwamba hakujua kuwa nyumba yake hutumia ndoo sita za maji kabla ya saa moja asubuhi.

Mama aliyeliogopa ziwa

Kati yetu yuko mama mmoja mtu mzima, ambaye sote tunamwita Mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Tulipotaja meli, yeye aliinama, hakusema neno.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama karibu na Mwanza, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo. Mdogo wake Mayu, msichana wa miaka 23, alikuwa ndani. Hakuonekana tena. Wengi waliopatikana walizikwa pamoja katika makaburi ya Igoma, Mwanza. Hesabu kamili ya waliokufa haijulikani mpaka leo, kwa sababu meli ilijaza kupita kiasi na abiria wengi hawakuandikwa majina. Wengi hutaja watu zaidi ya 800.

Tangu siku ile Mayu hakukanyaga chombo chochote cha majini. Akiwa Mwanza na akitaka kwenda Geita kumwona binti yake, alirudi nyuma mpaka Shinyanga, akazunguka kwa Kahama, ili tu asipande kivuko cha Busisi. Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni 2025, alivuka ndani ya basi kilomita zile tatu akiwa amefumba macho.

Hatukumshawishi. Tulimwambia mchango wake uko salama na atarudishiwa. Jumapili ya 31 alisimama mwenyewe baada ya ibada, akasema, "Wanangu, nimechoka kuogopa. Nami nataka kuuona mji ambao mdogo wangu aliuona mwisho." Tukajua kwamba safari yetu si ya kupumzika tu.

Bandarini Mwanza kila mmoja wetu alikata tiketi kwa jina lake. Mayu alipopewa yake, alimwomba karani amsomee jina lake kwa sauti. Karani alisoma. Mayu akamwomba asome tena. Kisha akaikunja tiketi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akapanda meli.

Tulisafiri kwa New Victoria Hapa Kazi Tu. Jina ni jipya, lakini chombo ni MV Victoria ile ya zamani, iliyoanza kazi ziwani miaka ya 1960, ikakarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020. Kabla ya kulala tuliwaomba wafanyakazi watuonyeshe maboya yalipo na jinsi ya kuyavaa. Walituonyesha vizuri bila kutucheka. Mayu alilala na lake chini ya kichwa. Wawili wetu tulikesha naye mpaka Kemondo, tukimsimulia habari za wajukuu.

Mji wa maji na migomba

Kulipopambazuka tuliona vilima vya Bukoba, na mbele yake kisiwa cha Musira, ambacho ni mwamba mkubwa uliosimama majini. Wenyeji husimulia kwamba zamani za wafalme wa Kihaya watu walifungwa huko. Tulisali palepale mbele ya meli, tukanywa chai, tukashuka na vikapu vyetu vya matobolwa na mayai ya kuchemsha.

Mji huu una historia ndefu. Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyetumwa na Wajerumani, alianzisha kituo chake hapa ufukoni. Mwezi Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walivuka ziwa kutoka upande wa Kisumu, wakaushambulia na kuubomoa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Tulitembea taratibu, wawili wawili, tukiyatazama majengo ya zamani na ziwa likiwa ubavuni mwetu.

Katikati ya mji unapita mto Kanoni, ukielekea ziwani. Si mto mkubwa. Lakini mama mmoja wa Kishapu alisimama darajani karibu robo saa akiyatazama maji, mpaka tukarudi kumwita. Akasema, "Kwetu maji haya yangekuwa na foleni ya ndoo." Ni kweli, mito yetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Tukakumbushana kwamba hata maji ya bomba ya Shinyanga na Kahama mjini hutoka katika ziwa hili hili, yakivutwa kutoka Ihelele. Mwenyeji wetu mmoja alitusikia, akatabasamu. Akatuambia kwamba mvua zikizidi Kanoni hufurika na kuingia katika nyumba za mabondeni. Kila mahali mama ana vita yake na maji. Kwingine ni haba, kwingine ni mengi mno.

Mwenyeji huyo alitusimulia pia tetemeko la Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016. Nyumba nyingi zilibomoka na watu wasiopungua 17 walikufa. Yeye na watoto wake walilala nje chini ya migomba kwa wiki nzima. Tulimwuliza aliwezaje. Akajibu kwamba mtoto mdogo akimwona mama anapika, anajua dunia bado ipo. Kwa hiyo alipika.

Umoja wetu una Wakatoliki, Walutheri na wa AIC, kwa hiyo tulizuru bila ubaguzi. Katika kanisa kuu la Kikatoliki tuliliona kaburi la Kardinali Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu kufanywa kardinali. Alifariki mwaka 1997, na mwaka 2012 mwili wake uliletwa kupumzishwa hapo. Walutheri nao wanamkumbuka Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Tuliketi kimya kwenye mabenchi. Tulifikiri juu ya wanawake waliowabeba watu hawa mgongoni, wakalima nao, wakawafuta kamasi, bila kujua wanalea nini. Nawe mama, huyo anayekusumbua leo kwa kukataa kwenda shule, hujui bado ni nani.

Kumbe kupumzika hujifunzwa

Sasa tuwaambie ukweli. Ilipofika saa nne asubuhi, nusu yetu tulikuwa tumekwisha kuigeuza safari kuwa biashara. Mama mmoja wa Katoro alikuwa ameshajua bei ya mkungu wa ndizi sokoni, nauli ya mzigo na faida atakayopata. Wengine walikuwa wakipiga simu nyumbani kuuliza kama mbuzi wamefunguliwa. Mmoja alianza kuosha vyombo katika mgahawa tulipokuwa wageni wa kulipa, mpaka mwenye mgahawa akamnyang'anya sufuria.

Mwenyekiti wetu akatuita. Akasema, "Dada zangu, baada ya chakula cha mchana tutakaa saa mbili. Hakuna kununua, hakuna kuuza, hakuna simu. Ziwa litatutazama nasi tutalitazama." Tukaguna, lakini tukatii.

Chakula chenyewe kilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage, pamoja na samaki. Sisi watu wa ugali tulikula kwa mashaka mwanzoni, kisha tukaongezewa. Senene hatukuwakuta, kwa kuwa haukuwa msimu wao. Baadaye wenyeji walituletea buni za kutafuna katika kikapu kidogo, kama Wahaya wafanyavyo kumkaribisha mgeni.

Kisha tukaenda ufukoni, tukatandika khanga chini ya miti. Dakika za kwanza zilikuwa ngumu. Mama mmoja alisema hajui mikono yake aiweke wapi, kwa maana tangu utoto haijawahi kukosa kitu cha kushika. Mwingine alilala mara moja na kukoroma. Mwingine alianza kulia taratibu, na tulipomwuliza akasema hana jambo, ila ndiyo mara ya kwanza kusikia uchovu wake. Kazi zilikuwa zimemzuia asiusikie. Hatukumhubiria. Tulimpa bega tu.

Mayu hakulala. Aliwaomba wawili kati yetu wamsindikize bandarini. Huko alimkuta mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupakia mizigo tangu zamani, akamwuliza meli za wakati ule zilifunga wapi. Mzee alimwonyesha kwa fimbo yake. Mayu akasimama pale kwa muda. Palikuwa na kamba, magunia, na kijana anayeuza karanga. Mwishowe akasema, "Kumbe ni mahali pa kawaida tu. Miaka yote hii nilidhani ni mahali pa kutisha." Akanunua karanga, akala, akatuletea sisi zilizobaki.

Njiani alimsimulia mzee yule habari za mdogo wake, jinsi alivyocheka na jinsi alivyopenda kushona. Wenzake wawili walisema hawajawahi kumsikia akimtaja kwa kicheko. Mzee naye aliwaonyesha upande wa uwanja wa ndege, mahali ndege ya abiria ilipoangukia ziwani tarehe 6 Novemba 2022. Watu 19 walikufa, lakini 24 waliokolewa, na wa kwanza kufika kuwasaidia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mayu akasema jambo ambalo tulilibeba mpaka nyumbani: "Ziwa linachukua, lakini Mungu ameweka watu wenye mitumbwi."

Alfajiri karibu na Mwanza

Meli iliondoka usiku. Mama wa Katoro alikuwa na mikungu minne, tulimsamehe. Kabla ya jua kuchomoza Mayu alituamsha sote. Tulikuwa tukiikaribia Mwanza, katika maji yale yale na karibu saa ile ile ya asubuhi. Tulisimama naye. Mwenyekiti akaomba kwa maneno machache, kisha Mayu akalitaja jina la mdogo wake kwa sauti, mara moja. Abiria wengine walivua kofia zao bila kuambiwa. Baadaye akasema, "Haya, tunyweni chai."

Marko anaeleza kwamba mitume waliposhuka kutoka katika mashua, umati ulikuwa umekwisha kuwatangulia. Kwetu pia ilikuwa hivyo hivyo. Tulikuta nguo chafu, mtoto mwenye homa, na magugu shambani hayakutungoja. Siku moja haikuondoa kazi hata moja. Lakini tulizirudia kama watu walioitwa kwa majina yao, si kama punda aliyefunguliwa asubuhi na kufungwa jioni. Na Mayu, mwezi uliopita, alivuka daraja kwenda Geita. Binti yake anatuambia kwamba alikaa dirishani.

Mambo ya kukumbuka

Mama mpendwa, kama kikundi chenu kinafikiria safari kama hii, yashikeni haya:

1. Ulizeni ratiba na nauli katika ofisi ya bandari kabla ya kupanga siku, maana hubadilika.

2. Kila mtu, hata mtoto, akate tiketi yake na jina lake liandikwe sawasawa. Msikubali kupanda chombo kilichojaa, hata kama mmechelewa. Bora kulala bandarini.

3. Jueni maboya yalipo kabla ya chombo kuondoka.

4. Mjini tembeeni wawili wawili, na wote wajue saa ya kurudi. Fikeni bandarini mapema.

5. Msiingie kuoga ziwani wala msiwaache watoto wachezee maji ya kando, kwa sababu ya kichocho, na mahali pengine mamba. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa.

6. Wekeni saa za kupumzika kwelikweli, na mmoja azilinde.

Nanyi mlio mbali na ziwa msikate tamaa. Mti wenye kivuli ng'ambo ya kijiji unatosha, ikiwa mtaweza kuyaacha majembe nyumbani.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

Ni lini ulipumzika mara ya mwisho, na nani alikusaidia kazi siku hiyo? Je, kuna mahali au jambo unaloliogopa kwa sababu ya msiba wa zamani? Nani katika kikundi chenu anaweza kukusindikiza huko?

Ee Bwana, uliyewaita watumishi wako wapumzike, utuite na sisi akina mama kwa majina yetu. Uwalinde wote wasafirio majini, na uwafariji waliobaki ufukoni wakingoja. Amina.